Ardhi ikitetemeka, nani hulazwa hospitalini?

JE, msomaji, ulikuwa wapi jioni ya Julai 17, 2007? Wakazi wengi wa Nairobi wanaikumbuka siku hiyo. Mwendo wa saa kumi na moja hivi, viti vilicheza, vioo vya madirisha vikalia, na watu waliokuwa katika majumba marefu wakateremka ngazi wakisukumana. Lilikuwa tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.9. Chimbuko lake lilikuwa kaskazini mwa Tanzania, karibu na Ziwa Natron na mlima Ol Doinyo Lengai.

Nairobi ilinusurika, na kesho yake watu walirudi kazini wakifanya mzaha. Hata hivyo, jiji letu liko kando ya Bonde la Ufa, na bonde hilo halijalala. Januari 6, 1928, tetemeko la kipimo cha 6.9 lilipasua ardhi huko Subukia. Wakati huo Umoja, Kayole na Pipeline hazikuwapo, na majumba ya ghorofa sita au saba yaliyobanana hayakuwa yamejengwa.

Ni vyema basi kujua tetemeko huufanya nini mwili wa binadamu, na kwa nini hospitali hujaa hata baada ya ardhi kutulia.

Nyumba ndiyo huua

Mtu aliyesimama uwanjani ardhi ikitetemeka huenda akaanguka tu na kuamka. Anayeumia zaidi ni yule aliye chini ya kitu kinachoweza kumwangukia. Mnamo Septemba 10, 2016, tetemeko la kipimo cha 5.9, sawa na lile la 2007, lilitokea karibu na mji wa Bukoba nchini Tanzania. Watu wasiopungua 17 walikufa na mamia wakajeruhiwa, wengi wakiangukiwa na kuta za matofali. Tofauti ni kwamba safari hii chimbuko lilikuwa karibu na makao ya watu.

Katika saa za kwanza, wanaofika hospitalini ni wenye mifupa iliyovunjika, vichwa vilivyopasuka, na majeraha ya vioo na mabati. Wengi huletwa na majirani kwa mkokoteni, kwa matatu au mgongoni. Hospitali huhitaji damu, plasta, eksirei na vyumba vya upasuaji, vyote kwa wakati mmoja. Wenye majeraha madogo ndio hutangulia kufika kwa sababu wanaweza kutembea. Wakijaza ua wote, yule anayevuja damu ndani ya tumbo hukosa nafasi. Ndiyo maana madaktari hupanga wagonjwa kwa ukali wa jeraha. Ukiambiwa usubiri, usidhani umedharauliwa.

Adui aliyejificha mguuni

Kuna majeruhi mwingine ambaye huwashangaza watu. Amebanwa paja na zege kwa saa nane. Anazungumza, anaomba maji, anataja majina ya watoto wake. Waokoaji wanaliondoa jiwe, watu wanapiga makofi, na baada ya dakika chache anakata roho.

Sababu ni hii. Misuli iliyobanwa kwa muda mrefu hufa, na chembe zake hupasuka na kumwaga madini ya potasiamu pamoja na protini iitwayo mayoglobini. Mradi mguu umebanwa, nyingi ya sumu hizo hubaki humo humo. Jiwe likiondolewa, damu huzibeba hadi mwili mzima. Potasiamu ikizidi inaweza kuusimamisha moyo. Mayoglobini nayo huziba mirija midogo ya figo, na mgonjwa huanza kukojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi, kisha mkojo hukauka kabisa.

Daktari Eric Bywaters alieleza hali hii mwaka wa 1941, baada ya kuwatibu wakazi wa London waliofukiwa na nyumba zilizopigwa mabomu. Nchini Armenia mwaka wa 1988, mamia ya walionusurika tetemeko walihitaji kusafishwa damu kwa mashine, na mashine hazikutosha. Nchini Uturuki mwaka wa 1999, watu 639 walipata matatizo ya figo kwa njia hii, na 477 kati yao walisafishwa damu.

Kinga yake ni rahisi kuitaja: mgonjwa atundikiwe maji ya chumvi mshipani kabla jiwe halijaondolewa. Kwa hivyo, ikiwa mtu amebanwa kwa muda mfupi tu, mtoe mara moja. Ikiwa ni kwa saa nyingi, na hakuna moto wala ukuta unaotaka kumwangukia, mwite mhudumu wa afya kwanza. Naye aliyeokolewa akiwa mzima lazima apelekwe hospitalini, hata akisema hana maumivu.

Moyo, dawa na maji

Si lazima uguswe na tofali ndipo udhurike. Januari 17, 1994, tetemeko lilipoikumba Los Angeles alfajiri, watu 24 walikufa ghafla kwa maradhi ya moyo siku hiyo. Kwa kawaida idadi hiyo ilikuwa chini ya watano kwa siku. Hofu huifanya mishipa ikaze na shinikizo la damu lipande.

Baada ya siku kadhaa sura ya wadi hubadilika. Huingia wenye vidonda vilivyooza na pepopunda. Huingia pia wagonjwa wa kisukari, shinikizo la damu, kifua kikuu na wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi, ambao dawa zao zimefukiwa pamoja na nyumba.

Wengi huogopa kwamba maiti zilizo chini ya vifusi zitaleta maradhi ya mlipuko. Kwa kawaida hatari hiyo ni ndogo mno, kwani aliyekufa kwa kuangukiwa na ukuta hakuwa na kipindupindu. Hatari kubwa ni maji yaliyochanganyika na uchafu wa vyoo. Nchini Haiti, tetemeko lilitokea Januari 2010, na kipindupindu kikazuka Oktoba mwaka huo huo. Vijidudu vyake vililetwa kutoka nje na kuingia mtoni kupitia maji taka ya kambi ya walinda amani. Katika mitaa ambako mfereji wa maji hupita kando ya mtaro wa maji taka, funzo hilo halihitaji maelezo.

Majeraha ya akili nayo huchelewa kuonekana. Mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani huanza tena, na mtu mzima huogopa kulala ndani. Dalili zisipoisha baada ya mwezi mmoja, mpeleke kwa mtaalamu.

Eastlands haingoji tetemeko

Ukweli mchungu ni kwamba sisi wa Eastlands tumeyaona haya yote bila ardhi kutikisika. Usiku wa Aprili 29, 2016, mvua ikinyesha, jumba la ghorofa sita liliporomoka huko Huruma na kuua watu wapatao 50. Mtoto mchanga alitolewa akiwa hai baada ya siku tatu hivi, na wengine wanne wakapatikana hai siku ya sita. Mwaka wa 2017 jumba jingine lilianguka Kware, Pipeline, na Desemba 2019 likafuata la Tassia.

Ikiwa mvua pekee inaweza kuliangusha jumba, tetemeko litafanyaje? Zege lenye saruji kidogo, nguzo nyembamba, ghorofa zilizoongezwa juu ya msingi usiozikusudia: hayo ndiyo yatakayoamua ni wangapi watakaofika Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, na ni wangapi hawatafika.

Ufanye nini?

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Wahenga walisema kwa fumbo, lakini wewe uchukue methali hiyo jinsi ilivyo. Leo jioni kagua nguzo na kuta za jumba lenu. Ufa wa rangi tu si hoja. Ufa wa mshazari unaopanuka, mlango ulioanza kukataa kufungika, nguzo inayobanduka hadi vyuma vikaonekana, au maji yanayotuama kwenye msingi, hizo ni dalili za hatari. Najua utasema, “Nihamie wapi, na kodi ndiyo hii?” Angalau ungana na wapangaji wenzako, mpige ripoti kwa Kaunti ya Nairobi au Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Sauti ya wapangaji arobaini haipuuzwi kama ya mmoja. Na nguzo zikianza kulia au kupasuka mbele ya macho yenu, tokeni nje usiku huo huo.

Tetemeko likianza, usikimbilie ngazi wala kusimama dirishani. Ingia chini ya meza imara, ukinge kichwa na shingo, ushikilie mpaka litulie. Kisha zima jiko na gesi, utoke, ukae mbali na kuta na nyaya za stima. Ukifukiwa, usipige mayowe mfululizo ukameza vumbi. Funika pua kwa nguo, ugonge bomba au ukuta kwa vipindi.

Weka karibu na mlango mfuko wenye dawa zako za wiki moja, kadi ya kliniki, tochi na chupa ya maji. Andika nambari 999 na ile ya Msalaba Mwekundu, 1199, mahali ambapo hata mtoto ataziona. Aidha, ukiwa mzima, nenda ukatoe damu mapema. Damu inayookoa majeruhi katika saa ya kwanza ni ile iliyokwisha kuwekwa hospitalini kabla ya ajali.