Ushahidi Anaodaiwa Waziri: Funzo la Kufungwa kwa Mji wa Kale

Tarehe 6 Mei 2020, Ramadhani ikiwa katikati, Waziri wa Afya wa Kenya, Mutahi Kagwe, alitangaza kuwa Mji wa Kale wa Mombasa utafungwa kwa siku 15, pamoja na Eastleigh ya Nairobi. Hakuna kuingia wala kutoka. Sababu aliyoitoa ni kwamba korona ilikuwa ikienea humo na wakazi wengi hawakujitokeza kupimwa. Siku 15 zilipokwisha, zikaongezwa hadi mwanzoni mwa Juni. Anayelala Kibokoni, ndani ya mji huo, na kuchuma bandarini Kilindini akabaki Kibokoni, na Idi ikamkuta huko huko.

Kama hatua ile ilikuwa ya busara, wataalamu wa magonjwa wanaweza kubishana hadi kesho. Langu ni swali jembamba la kisheria: kabla ya kutia saini, waziri alitakiwa kumwonyesha nani nini?

Tuanze na sheria yenyewe. Amri kama ile hutokana na Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1921. Kifungu cha 36 kinamruhusu waziri kutunga kanuni pale sehemu yoyote ya Kenya inapoonekana kutishiwa na ugonjwa hatari wa mlipuko. Imeonekana kwa macho ya nani, na kwa vipimo vya namna gani, kifungu kimenyamaza. Enzi hizo neno la daktari wa serikali lilitosha, hata pale lilipokuwa limebeba mzigo usio wa kitabibu. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alizuru Afrika Mashariki kukagua usafi wa miji, na akapendekeza wakazi watenganishwe kwa rangi, eti kwa ajili ya afya. Miaka kumi baadaye, Waraka wa Devonshire wa 1923, tamko la sera la serikali ya Uingereza kuhusu Kenya, uliacha mpango wa kuwatenga Wazungu na Waasia mijini, ukisema madaktari sasa hawaoni kuwa utengano huo ni wa lazima kiafya. Maoni yaligeuka haraka. Mitaa iliyokwisha kugawanywa haikugeuka.

Siku hizi kuna breki mbili ambazo wakoloni hawakuwa nazo. Ya kwanza ni Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013, inayosimamia namna mawaziri wanavyotunga kanuni. Inawataka washauriane na watakaoguswa, na ili kujua kama mashauriano yalitosha, huangaliwa iwapo ujuzi wa wataalamu wa fani husika ulitumika. Kanuni ikitarajiwa kuleta gharama kubwa kwa jamii, taarifa ya athari zake huandaliwa, ikieleza pia njia nyingine ambazo zingewezekana. Kisha kanuni hufikishwa Bungeni ndani ya siku saba za vikao. Hapo ndipo penye tundu. Bunge la Taifa kwa kawaida huketi Jumanne, Jumatano na Alhamisi, kwa hiyo siku saba za vikao hupita wiki mbili. Amri ya siku 15 inaweza kuzaliwa na kufa kabla mbunge hata mmoja hajaisoma.

Breki ya pili ni Kifungu cha 24 cha Katiba. Haki inaweza kubanwa, lakini kwa kiasi kinachokubalika na kuelezeka, na baada ya kutazama kama palikuwa na njia isiyoumiza sana. Ni breki nzuri, ila inamngoja mtu aende mahakamani, na mtaa uliofungwa hauna wepesi wa kutafuta wakili.

Sasa linganisha na bandari. Kenya inafungwa na Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005. Kifungu cha 43 kinasema nchi ikitaka kuzuia vyombo na wasafiri wa kimataifa kupita kiwango cha kawaida, uamuzi wake uwe na msingi wa kisayansi na ushahidi uliopo, na uangaliwe upya ndani ya miezi mitatu. Kwa maneno mengine, meli iliyotia nanga Kilindini inadai ushahidi na tarehe ya mapitio. Mkazi wa Kuze katika Mji wa Kale, kilomita chache kutoka gatini, hana kifungu cha namna hiyo katika Sura ya 242.

Na ushahidi ulikuwepo, au ulikuwa njiani. Kati ya 30 Aprili na 16 Juni 2020, watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust wa Kilifi walipima kingamwili katika sampuli 3,098 za wachangiaji damu nchini. Makadirio yao kwa Mombasa yalikuwa asilimia 8, ya juu kuliko hata Nairobi, ilhali mwishoni mwa Mei waliothibitishwa kuambukizwa Kenya nzima walikuwa kama 2,000 tu. Wachangiaji damu si picha kamili ya umma, na utafiti haukuutenga Mji wa Kale na mitaa mingine ya Mombasa kama Majengo au Tudor. Hata hivyo unaashiria kuwa virusi vilikwisha kusambaa mbali zaidi ya mpaka wowote uliowekwa na polisi. Huenda mpaka ule bado ulikuwa na maana. Hakuna sheria iliyomlazimu yeyote kurudi na takwimu mpya na kueleza.

Kuna ushahidi mwingine ambao maabara haiutoi. Watu walikwepa vipimo wakihofia karantini ya lazima, ambayo mwanzoni waliopelekwa walitozwa gharama zake. Serikali ilikuja kubeba gharama hizo Mei. Mtafiti wa jamii angeketi barazani alasiri moja tu angeyajua hayo bila sindano wala maabara, na pengine ada ingeondolewa kabla ya vizuizi kuwekwa. Nasema pengine.

Mwaka huo huo kamati maalumu ya Seneti, chini ya Johnson Sakaja, ilileta mswada wa kukabiliana na majanga ya maradhi. Haukufika kuwa sheria. Mimi ningeridhika na marekebisho mafupi ya Kifungu cha 36: kila amri ya kufunga eneo ichapishwe pamoja na idadi ya waliopimwa, mahali walikopimwa, waliopatikana na ugonjwa, na majina ya wataalamu walioshauri, isiongezwe hata siku moja bila takwimu mpya, na nakala ya Kiswahili ibandikwe eneo husika siku ile ile inapotangazwa Nairobi.