Je, Wajua? Tangawizi mbichi hugandisha maziwa

Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa. Ndiyo maana chai ya tangawizi hukatika ghafla sufuriani, na mpishi akadhani maziwa yalikuwa yameharibika. Chemsha tangawizi kwenye maji kwanza, dakika chache, ndipo umimine maziwa. Joto hukiua kimeng'enya hicho.

Ni jambo la kujua kuanzia Mbarara, kitovu cha maziwa cha Uganda, hadi Kikagate kwenye mto Kagera, mpakani na Tanzania.

Katika eneo hilohilo, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwaka 1958, viungo huongezeka. Familia za Kisomali hupika shaah: majani ya chai, iliki, mdalasini, karafuu, na sukari bila uchoyo. Punje chache za iliki zinatosha, na ni afadhali, kwa kuwa duniani ni zafarani na vanila tu zinazoishinda kwa bei. Karafuu nayo ina eujenoli, mafuta yanayotumiwa na madaktari wa meno kutuliza maumivu.

Tangawizi hupunguza kichefuchefu, hata cha wajawazito.

Lakini chai ya majani, yenye viungo au isiyo navyo, huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani. Mjamzito au mwenye upungufu wa damu asiinywe pamoja na chakula. Asubiri saa moja hivi baada ya kula.