Kijana Wetu Aketi na Nani?



Sisi Wakamba wa Kitui na Makueni tulikuwa na sherehe mbili za jando. Ya kwanza, nzaiko nini, ndiyo iliyokuwa ya kisu. Wasichana nao walikatwa, na twashukuru kwamba sheria ya mwaka 2011 imekataza jambo hilo. Ya pili, nzaiko nene, yaani ile kubwa, ilikuwa ya mafundisho. Vijana walikaa na walezi wao, wakafunzwa mambo ya utu uzima kwa nyimbo na mafumbo. Mengine, tuseme kweli, hayakumfaa Mkristo. Lakini wazee walijua kwamba kidonda peke yake hakimkomazi mtoto.

Siku hizi mvulana hupelekwa zahanati wakati wa likizo, akapona, akarudi shuleni. Kisu kimebaki, mafundisho tumeyaacha. Sauti yake yakwaruza, ndevu zachipuka, leo acheka na kesho anuna bila sababu. Amwulize nani? Baba yuko kazini Nairobi, mama aona haya. Darasa la Kipaimara lingemfaa, ila mara nyingi twamkaririsha majibu tu; maswali yake twayaogopa.

Tusome Luka 2. Yesu, mwenye miaka 12, alionekana hekaluni ameketi kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza. Walimu wale hawakumfukuza. Mama yake alimwuliza kwa uchungu, na jibu alilotoa wazazi hawakulielewa. Hata hivyo walishuka pamoja mpaka Nazareti, naye akawatii.