Rangi ya Mtaliani: Mweupe au Maji ya Kunde?

Jambo tunalotaka kuwaeleza walimu wenzetu lilianzia katika daftari la mwanafunzi. Tuliwaagiza watoto wa darasa letu hapa Haneti waandike habari za mgeni waliyepata kumwona. Mmoja alieleza habari za padre Mtaliani, mzee aliyekaa miaka mingi katika Ugogo, akaandika kwamba padre yule ni mtu wa maji ya kunde. Tukapiga mstari chini ya maneno hayo, tukaandika juu yake, "mweupe." Mtoto akauliza kwa adabu, "Samahani, Mwalimu, wewe ulimwona?" Kumbe hatukupata kumwona. Tulisahihisha kwa mazoea, wala si kwa macho.

Yafaa kwanza tuyatazame maneno yenyewe. Kiswahili kina maneno matatu tu ya asili ya kutaja rangi, yafuatayo ngeli za majina: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine twazitaja kwa kufananisha na vitu: kijani ni jani, kahawia ni kahawa, kijivu ni majivu. Na maji ya kunde ni yale maji yaliyochemshiwa kunde, ambayo kila mama wa Ugogo ayajua. Tena tukimwita mtu mweupe au mweusi, twampima kwa jirani yake. Mtoto aliye mwangavu kuliko ndugu zake huitwa mweupe nyumbani kwao. Walakini akisimama kando ya mtu wa Ulaya haitwi hivyo tena. Basi maneno haya ni vipimo, si majina ya mataifa.

Sasa na tuwatazame Wataliani. Hao si wageni katika nchi yetu. Wakonsolata waliingia Iringa mwaka 1919, na mwaka 1935 Prefektura ya Dodoma iliundwa, ikakabidhiwa Wapasionisti kutoka Italia. Nchi yao ni ndefu, toka milima ya Alps hata kisiwa cha Sicily, kinachoelekeana na Tunisia. Sicily walipita Wafoinike, Wagiriki na Warumi. Tangu karne ya 9 hata karne ya 11 ilitawaliwa na Waislamu waliotoka Afrika ya Kaskazini, kisha wakaja Wanormani. Waafrika nao walikaa huko: Mtakatifu Benedikto, aliyefariki Palermo mwaka 1589 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1807, alizaliwa Sicily na wazazi Waafrika waliokuwa watumwa. Kwa hiyo si ajabu Mtaliani mmoja kuwa na nywele za rangi ya dhahabu, na mwenziwe kuwa na nywele nyeusi na ngozi iliyokoza.

Zaidi ya hayo, jua lina kazi yake. Katika ngozi ya karibu kila mwanadamu mna kitu kiitwacho melanini, nacho huongezeka jua linapopiga. Mtu wa namna hii akishinda juani katika Ugogo mwaka hata mwaka, uso na mikono yake hukoza. Na akikunja mikono ya kanzu yake, mpaka wa jua waonekana. Yule mtoto alikuwa ameandika kweli.

Huenda mtu akasema, neno hili ni dogo. Si dogo. Mwaka 1891, katika mji wa New Orleans, Marekani, ghasia ya watu iliwaua Wataliani 11, na katika nchi ile walikuwako waliosema kwamba watu wa Sicily si weupe halisi. Mwaka 1938, huko Italia, chini ya Mussolini, ulitolewa waraka wa wataalamu uliodai kwamba Wataliani ni Waaria, na mwaka ule ule zikafuata sheria za kuwaonea Wayahudi. Watu ni wale wale, na ngozi ni ile ile. Kilichobadilika ni haja ya wenye kuhukumu.

Nasi walimu tunayo sehemu yetu. Katika lugha yetu -eupe lina maana ya pili, yaani usafi: twasema moyo mweupe. Mtoto akisikia kila siku kwamba weupe ni usafi, na akilazimishwa kumwita mgeni mweupe hata macho yake yakikataa, mwisho ataudharau uso wake mwenyewe. Twawaona vijana wanaonunua mkorogo ili wajichubue, na baadhi ya dawa hizo zina zebaki, ambayo ni sumu. Hawakuanzia dukani, wengine walianzia katika maneno waliyosikia wangali wadogo.

Basi twawashauri wenzetu: mtoto akitaja rangi ya mtu, tusiharakishe kushika kalamu. Tumwulize kwanza ameona nini. Nasi daftari lile tulilirudia, tukaandika pembeni kwamba kosa lilikuwa letu, tukampa mtoto alama yake.