SOMO LA REDIO: MCHEZO WA CHUI WA USIKU

Kila mmoja akae mahali pake, afungue daftari, aweke kalamu tayari. Kiongozi wa darasa asimame karibu na ubao, maana leo tutakuwa na kazi ya kuandika.

Somo la leo ni juu ya mchezo. Huenda mwanafunzi mmoja akasema, "Mimi ni mtu mzima. Nimekuja kujifunza kusoma, si kucheza." Ngoja kidogo, ndugu. Mchezo huu ulitungwa katika chuo kikuu, na wakubwa huucheza katika nchi nyingi. Ndani yake kuna fundisho ambalo kila kijiji kinalihitaji.

Mchezo ulikotoka

Karibu na mwaka 1986, katika Chuo Kikuu cha Moscow, alikuwako mwanafunzi mmoja jina lake Dimitry Davidoff. Alikuwa akijifunza elimu ya nafsi, yaani elimu ya mawazo na tabia za watu. Alitunga mchezo wenye pande mbili. Upande mmoja una watu wachache, lakini wanajuana. Upande wa pili una watu wengi, lakini hakuna anayemjua mwenzake. Je, nani atashinda, wachache wanaojua au wengi wasiojua?

Wanafunzi wa Moscow waliupenda. Ukatoka katika mabweni yao, ukafika miji mingine, kisha Ulaya na Marekani. Mwaka 1997 Mmarekani mmoja, Andrew Plotkin, aliubadilisha kidogo. Wale wachache aliwaita watu wanaogeuka mbwa-mwitu usiku. Mwaka 2001 ulitolewa Ufaransa kama mchezo wa karata, na huko pia wachache ni watu wa namna hiyo.

Sisi tutawaita wale wachache chui. Wengine wote tutawaita wanakijiji. Msiwaite wachawi, wala msiwaite wezi. Sababu yake nitaieleza mwishoni.

Namna ya kuuandaa

Sasa sikilizeni vizuri, maana mchezo ukiandaliwa vibaya hauna maana.

Kwanza, chagueni msimamizi. Huyu hachezi. Yeye peke yake anajua siri yote, kwa hiyo awe mtu asiyependelea. Akicheka jina fulani linapotajwa, au akimtazama mtu fulani kwa jicho la pekee, ameharibu mchezo.

Pili, hesabuni watu. Tuseme mko 9. Kateni vikaratasi 9 vya ukubwa mmoja. Juu ya 2 andikeni CHUI. Juu ya 7 andikeni MWANAKIJIJI. Vikunjeni, mvichanganye, kila mtu achukue kimoja, asome kimya, akifiche.

Tatu, unakuja usiku. Msimamizi anasema, "Usiku umeingia, fumbeni macho." Wote wanafumba macho na kupiga magoti yao polepole kwa viganja, ili asisikike mtu akijisogeza. Kisha anasema, "Chui, fumbueni macho." Wale 2 wanaonana. Bila kusema neno, wanamwonyesha msimamizi kwa kidole mtu wa kuondolewa. Halafu wanafumba macho tena.

Nne, unakuja mchana. Msimamizi anasema, "Kumekucha," na kumtaja aliyeondolewa. Huyo anakaa pembeni. Anaruhusiwa kutazama, lakini kinywa chake kimefungwa mpaka mwisho. Waliobaki wanazungumza kwa dakika 10: nani chui? Chui nao wamo humo humo wakizungumza, wakijifanya wanakijiji. Ndiyo maana wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Tano, wanapiga kura ya wazi. Mwenye kura nyingi anaondoka, na anaonyesha kikaratasi chake. Kura zikilingana, haondoki mtu. Kisha usiku unaingia tena.

Chui wote wakiondolewa, wanakijiji wameshinda. Lakini idadi ya chui ikilingana na ya wanakijiji waliobaki, chui wameshinda, kwa kuwa kura za wanakijiji haziwezi tena kuwazidi.

Kubahatisha hakufai

Sasa tufanye hesabu kidogo. Mko 9. Usiku wa kwanza mmoja ameondoka, mmebaki 8, na chui ni 2. Mkichagua mtu kwa kubahatisha, kama mnaochomoa jina katika kofia, nafasi ya kumpata chui ni 2 katika 8, yaani 1 katika 4. Maana yake, mara 3 katika 4 mtamwondoa mtu asiye na kosa.

Ukiiendeleza hesabu hiyo mpaka mwisho wa mchezo, utaona kwamba wanakijiji wanaobahatisha watashinda michezo 5 tu katika 32. Hiyo ni kama mara 1 katika 6. Watu 7 wanashindwa na watu 2! Si kwa sababu chui wana nguvu. Ni kwa sababu chui wanajua, na wanakijiji hawajui.

Basi wanakijiji wafanye nini? Hapa ndipo kalamu inapoingia.

Ubao una kumbukumbu

Wakati wa kura, kila mtu aende ubaoni kwa zamu yake, aandike jina lake, na mbele yake jina la mtu anayemshuku. Yaliyoandikwa yasifutwe mpaka mchezo uishe. Tutazame mfano.

Tuseme wachezaji ni Bwana Juma, Bwana Salimu, Bwana Petro, Bwana Hamisi, Bibi Asha, Bibi Rehema, Bibi Tatu, Bibi Mariamu na Bibi Zainabu. Usiku wa kwanza Petro ameondolewa. Asubuhi Salimu anasema, "Mimi namshuku Asha. Tangu tuanze amenyamaza tu." Tatu yeye anamshuku Hamisi, na anasema hivyo mara nyingi. Kisha wanaandika ubaoni:

1. Salimu – Asha
2. Juma – Asha
3. Asha – Salimu
4. Rehema – Salimu
5. Zainabu – Salimu
6. Tatu – Asha
7. Mariamu – Asha
8. Hamisi – Asha

Asha anaondoka kwa kura 5. Anafunua kikaratasi chake: MWANAKIJIJI. Kosa lake lilikuwa nini? Kunyamaza. Pengine ni mpole tu, au alikuwa akifikiri.

Usiku wa pili anaondolewa Rehema. Asubuhi watu 6 wamekaa. Wengi wamekwisha sahau nani alisema nini jana. Lakini Zainabu anasimama, anauelekea ubao, anasoma. "Aliyemtaja Asha kwanza ni nani? Ni Salimu. Aliyeondolewa usiku ni nani? Ni Rehema, aliyempinga Salimu." Wanapiga kura, Salimu anaondoka kwa kura 4 kwa 2. Anafunua: CHUI.

Amebaki mmoja. Usiku wa tatu anaondolewa Zainabu. Sasa wako Juma, Hamisi, Mariamu na Tatu. Wakikosea leo, wamekwisha. Wanarudi ubaoni. Siku ya kwanza, Salimu alipokuwa mbele kwa kura 3 kwa 2, ni nani aliyekuja kumwokoa? Ni Tatu, aliyekuwa akimshuku Hamisi wakati wote, kisha akamwacha ghafula akamwandika Asha. Na siku ya pili, mbali na Salimu mwenyewe, ni nani aliyekataa Salimu asiondoke? Ni Tatu tena. Anaondolewa, anafunua: CHUI. Wanakijiji wameshinda.

Mnaona, ndugu? Maneno ya jana yamekwenda na upepo, lakini maandishi yamebaki. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: hata haki bila daftari hupotea.

Lakini angalieni. Ubao hausemi, "Huyu ni chui." Ubao unasema tu, "Huyu alifanya hivi." Chui mwerevu anaweza kumwondoa Rehema kwa makusudi, ili Salimu asiye na kosa ashukiwe. Kwa hiyo msitosheke na alama moja. Tafuteni ya pili na ya tatu.

Mambo ya kuangaliwa

Msimamizi apange saa na aifuate, asiye na sauti kubwa naye apewe nafasi ya kusema. Asiruhusu mtu kuleta ugomvi wa nje, kama deni, kabila au dini. Anayemshuku mwenzake aseme, "Kwa sababu alifanya jambo fulani hapa mchezoni." Kusema uongo kunaruhusiwa kwa ajili ya mchezo tu, na mchezo ukiisha, uongo umeisha. Wote wapeane mikono kabla ya kwenda nyumbani.

Mkiwa wengi, kwa mfano 12 au zaidi, ongezeni mlinzi. Huyu ni mwanakijiji anayefumbua macho peke yake usiku na kumwonyesha msimamizi mtu mmoja. Msimamizi anatikisa kichwa kumjibu kama huyo ni chui au siye. Ila mlinzi akijitangaza mapema, chui watamwondoa usiku uleule.

Kwa nini chui?

Sasa nitimize ahadi yangu. Kwa nini nilikataza jina la mwizi na jina la mchawi?

Kwa sababu majina hayo yameua watu kwelikweli. Mtu anapiga kelele sokoni, "Mwizi!" Watu wanakimbia na mawe kabla hawajauliza ameiba nini, na nani aliyemwona. Katika Usukuma, vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi, na alama iliyotajwa ni macho mekundu. Macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, miaka na miaka ya kuwapikia watoto na wajukuu.

Kikongwe yule ni Bibi Asha wetu. Mmoja ameshukiwa kwa kunyamaza, mwingine kwa macho yake. Tofauti ni moja tu. Asha wa mchezoni anakaa pembeni, na kesho anacheza tena. Yule mwingine harudi.

Basi siku utakaposikia kundi linataja jina la mtu, kumbuka ubao. Uliza: Nani aliyelitaja kwanza? Aliona nini kwa macho yake? Na kama tumekosea, nani atamrudisha? Kisha peleka jambo hilo mahali linapoandikwa na kusikilizwa.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini chui 2 wanaweza kuwashinda wanakijiji 7?
2. Zainabu alisoma nini ubaoni?
3. Kwa nini alama moja haitoshi?
4. Je, umewahi kuona mtu akishukiwa bure? Mambo yaliishaje?

Maneno ya leo

kubahatisha: kuchagua bila kujua
kulingana: kuwa sawa kwa idadi
kushuku: kumdhania mtu vibaya bila hakika
msimamizi: mwenye kuongoza mchezo

Kazi ya nyumbani: andika sentensi 3 zinazoanza na maneno haya, "Sitamhukumu mtu mpaka..."

Kwa herini, ndugu wanafunzi. Chezeni vizuri, na msifute ubao.