Filme ya kuogopesha ikirudiliwa: nini inaifanya ifaulu?

Sisi wachimbaji wa Kabambare tunapenda filme za kuogopesha. Lakini kwa nini ingine ikirudiliwa inatisha tena, na ingine inalaza watu usingizi?

Mwaka wa 1998, Gus Van Sant alirudilia Psycho ya Hitchcock (1960) karibu picha kwa picha. Ikakula hasara: watu walijua mbele kisu kitatokea wapi. Mwaka ule ule, kule Japani, Hideo Nakata alitoa Ringu: binti alitupwa ndani ya kisima, roho yake inarudi kupitia kaseti ya video. Mwaka wa 2002 Gore Verbinski akaileta Marekani, The Ring. Alibadilisha majina, nyumba, hata mzazi mwenye kumutupa mtoto. Kisima alikiacha. Ikaingiza dola zaidi ya milioni 200.

Siri ni ile: nguo ibadilike, mufu mwenye alifichwa abakie.

Kwetu kisima kingekuwa shimo la zahabu. Mwenye atatengeneza filme ile hapa asituletee shetani tu. Aonyeshe miti yenye kuoza, PDG mwenye kunyamaza, na ndugu wenye hawakutolewa chini. Hapo tutaogopa kweli, na mbele ya kushuka tena tutadai miti mipya.