Maneno Gani Hukatazwa na Sheria?
Maelezo juu ya uhuru wa kusema na mipaka yake

Wasomaji wetu wengi wa Nyeri, Karatina, Kerugoya, Embu na Nanyuki wamepata kusikia kwa wazee wao habari za mkutano mkubwa wa chama cha KAU uliofanyika Nyeri tarehe 26 Julai 1952. Watu zaidi ya 20,000 walikusanyika. Bwana Jomo Kenyatta alihutubu, na afisa wa polisi alikuwapo akiyaandika maneno yake. Haikutimia miezi mitatu, Hali ya Hatari ikatangazwa, tarehe 20 Oktoba 1952, na msemaji yule akakamatwa pamoja na wenzake.

Usiku ule ule wa kukamatwa viongozi alichukuliwa pia mtu ambaye hakuwa na jeshi wala bunduki, ila kalamu. Huyo ni Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapaji wa vitabu, mwenyeji wa pande za Tumutumu. Alikuwa ameandika vitabu vidogo kwa Kikuyu, na kimoja kwa Kiswahili mwaka 1948, kiitwacho Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika. Mwaka 1952 alitoa maandishi yaliyofanana na kanuni ya imani ya kanisani, lakini yakitaja Gikuyu na Mumbi na ardhi yao. Serikali ya siku hizo iliyahesabu kuwa uchochezi. Gakaara akawekwa kizuizini, akahamishwa kambi baada ya kambi, Manda, Athi River na Hola, mpaka siku za Hali ya Hatari zilipokaribia mwisho wake. Aliporudi alifungua kiwanda chake cha kupiga chapa Karatina. Habari za kizuizini alizitoa kitabuni mwaka 1983, na mwaka 1984 kitabu hicho kikapata Tuzo ya Noma. Hata hivyo mwaka 1986, chini ya serikali ya Wakenya wenyewe, alikamatwa tena akishukiwa kuwa katika mambo ya Mwakenya. Alifariki mwaka 2001.

Twaanza na habari hizi za kale kwa sababu siku hizi watu wengi huuliza swali hili: Ikiwa Katiba yatupa uhuru wa kusema, mbona watu hushtakiwa kwa ajili ya maneno? Tena wengine huuliza kinyume chake: Ikiwa maneno yaweza kuwasha moto, mbona serikali haiwafungi wote wasemao maovu? Maswali haya mawili yana jibu moja, lakini jibu lenyewe halionekani vizuri mpaka mtu azijue sheria mbili, ya zamani na ya sasa, na tofauti iliyo kati yake.

Sheria ya zamani ilikuwa katika Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika Kenya mwaka 1930. Ilisema kwamba ni uchochezi kutia watu chuki au dharau juu ya serikali, au kuamsha manung'uniko kati ya wenyeji wa nchi. Pia ilisema kwamba ni uchochezi kuleta uadui kati ya namna moja ya watu na nyingine. Msomaji atazame vema. Makosa mawili yasiyofanana yametiwa katika kapu moja. La kwanza ni kumchukia mtawala; la pili ni kumchukia jirani. Mtu akiuliza sababu ya sheria hiyo, angeambiwa habari za jirani na amani ya watu wote. Lakini ilipotumika mara nyingi ilimlinda mtawala, na waandishi walioadhibiwa kwayo, kabla ya uhuru na baada yake, wengi walikuwa wamesema neno juu ya serikali. Kapu hilo lilidumu miaka 34 baada ya bendera kubadilishwa. Bunge lilivifuta vifungu vile vya uchochezi mwaka 1997.

Miaka kumi baadaye nchi ikaona ubaya wa kosa lile la pili. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu waliinukiana. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu waliokufa kuwa 1,133, na waliofukuzwa makwao walikuwa mamia ya maelfu. Wengi katika wasomaji wetu wana ndugu waliokimbia Bonde la Ufa wakarudi pande hizi za mlima na watoto na magodoro tu. Wasomaji hao hao wajua pia, ingawa hawapendi kulisema, kwamba Naivasha na Nakuru watu wa kabila letu nao waliua majirani, na kwamba wafanyakazi kutoka magharibi ya nchi walilala nje ya kituo cha polisi cha Tigoni wakiogopa kurudi majumbani. Tume ilitaja pia maneno yaliyotangulia: hotuba za wanasiasa, nyimbo, karatasi za vitisho, na redio zinazotangaza kwa lugha za makabila.

Ndiyo sababu mwaka 2008 Bunge lilitunga Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Taifa, na Tume ya kuisimamia ikaundwa. Kifungu cha 13 ndicho kinachohusu maneno ya chuki, na maneno yake mengi yafanana na ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1986. Ili mtu awe na kosa yatakiwa mambo mawili yapatikane pamoja. Kwanza, maneno yawe ya vitisho, matusi au matukano. Pili, awe amekusudia kuamsha chuki ya kikabila, au, kwa kutazama hali yote ilivyokuwa, chuki hiyo ielekee kuamka. Jambo moja bila ya jingine halitoshi. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au yote mawili.

Sasa tutazame ni nani aliyelindwa na kifungu hicho. Sheria yaeleza kwamba chuki inayokatazwa ni ile inayoelekezwa kwa watu kwa sababu ya rangi, taifa, kabila au asili yao. Serikali haimo. Chama cha siasa hakimo. Rais, gavana, mbunge na chifu hawamo, ila kwa kabila lao kama mtu mwingine yeyote. Mkulima wa Mukurweini akisimama na kusema kwamba fedha za kahawa zimeliwa na wakubwa, hata akisema kwa ukali na kwa maneno yasiyofaa mezani, hajavunja kifungu hiki. Huenda yule aliyemtaja kwa jina akamdai fidia mahakamani ikiwa alimsingizia, maana hiyo ni haki ya kila mtu, lakini hiyo ni daawa ya mtu na mtu.

Katiba ya mwaka 2010 imeyaweka mambo haya juu ya sheria nyingine zote. Ibara ya 33 yampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari na mawazo. Kisha yasema kwamba uhuru huo hauingii katika propaganda za vita, uchochezi wa fujo, maneno ya chuki, wala kueneza chuki yenye kuchochea ukabila, kutukanisha wengine au kuleta madhara. Kumwudhi mwenye cheo hakumo katika orodha hiyo.

Mahakama nazo zimeshika njia hiyo. Mwezi Aprili 2016 Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano, kilichotumiwa kuwashtaki watu kwa maneno waliyoyaandika mtandaoni, kwa kuwa kilikuwa kipana mno, mtu asiweze kujua alipovuka mpaka. Mwezi Februari 2017 ikaondoa kosa la jinai la kashfa. Mwezi Aprili mwaka huo huo ikakifuta kifungu cha 132 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kuwa kosa kusema neno la kudhoofisha mamlaka ya mtumishi wa serikali. Hicho kilikuwa kipande cha lile kapu la zamani kilichosahauliwa chini.

Lakini neno lipi ni la chuki? Hapa ndipo palipo na taabu, na yafaa tukawie kidogo.

Mwezi Aprili 2022, kabla ya uchaguzi, Tume ilitoa orodha ya maneno ya kuepukwa. Ndani yake lilikuwamo neno madoadoa, na neno la Kikuyu kihii. Watu wengine walicheka, wakauliza kama kusema Kiswahili kumekuwa kosa. Mkulima wa Karatina aweza kusema kwamba matunda ya kahawa yake yameingia madoadoa, wala hakuna askari atakayemwandama. Lakini neno lilo hilo, likisemwa jukwaani Eldoret kwamba madoadoa yaondolewe, lina historia nyingine. Katika Bonde la Ufa lilitumiwa kumaanisha watu wa makabila mengine waishio kati ya wenyeji, na waliolisikia walijua litakalofuata. Ndivyo ilivyo kwa kihii. Mzee akilitaja katika mazungumzo ya jando la wajukuu wake hakutukana mtu. Lakini likitupwa mbele ya umati, siku za kupiga kura, kwa watu wa kabila lisilotahiri, ili waonekane kuwa si watu wazima wa kutawala, kila asikiaye afahamu kwamba ni dharau juu ya kabila zima.

Kwa hiyo orodha ya maneno yaweza kumwonya mtu, lakini haiwezi kumhukumu. Hakimu hutazama zaidi ya neno. Wataalamu waliokutana chini ya Umoja wa Mataifa, katika mwongozo uitwao wa Rabat wa mwaka 2012, walitaja mambo ya kupimwa: hali ya nchi wakati ule, cheo cha msemaji na nguvu yake juu ya wasikiao, kusudi lake, maneno yenyewe, umbali yalikofika, na ukaribu wa madhara. Mlevi anayebwata peke yake njiani usiku si sawa na mbunge mwenye kipaza sauti.

Ugumu mwingine ni wa lugha. Nyimbo na methali za pande hizi hazisemi jambo wazi. Husema fisi, hyrax au mwiba, na wasikilizaji hucheka kwa kuwa wamefahamu. Shahidi husimama kizimbani akatafsiri neno kwa neno, na fisi hubaki kuwa fisi tu. Hii ni sababu moja ya hukumu za kutiwa hatiani kuwa chache, ingawa mashtaka yametangazwa kwa kelele nyingi. Kwa maoni yetu, kelele hizo zina hasara yake, maana mwanasiasa aliyekamatwa Ijumaa na kuachiliwa Jumanne hurudi kwa watu wake kama shujaa.

Nchi nyingine zimeweka mpaka huu mahali mbalimbali. Marekani, tangu hukumu ya mwaka 1969 katika kesi ya kiongozi mmoja wa Ku Klux Klan wa Ohio, haimwadhibu msemaji ila maneno yake yakielekea kuleta uvunjaji wa sheria papo hapo. Ujerumani, kwa kukumbuka yaliyotendeka chini ya Hitler, humwadhibu hata anayekana mauaji ya Wayahudi. Karibu nasi iko Rwanda. Redio RTLM ilianza kutangaza mwaka 1993, na mwaka 1994 ikawa ikitaja watu wa kuuawa na mahali walipojificha. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waliohusika nayo mwaka 2003. Hakuna anayeweza kusema kwamba yale yalikuwa maoni tu.

Hata hivyo, sheria nzuri yaweza kurukwa kabisa. Mwezi Desemba 2024 vijana kadhaa waliotoa mtandaoni picha za kumkejeli Rais walichukuliwa na watu wasiojulikana. Mmoja wao alichukuliwa Embu, na wenyeji wa mji huo wakaandamana wakidai arudishwe. Polisi walikana kuhusika. Kijana huyo na wenzake kadhaa walionekana tena mwanzoni mwa Januari 2025. Hawakuwa wamesomewa shtaka, wala hawakuletwa mbele ya hakimu. Ikiwa picha zile zilikuwa kosa, mahakama ya Embu ilikuwa na mlango wazi. Ikiwa hazikuwa kosa, hapakuwa na la kufanywa ila kuzichukia kimya kimya, kama watawala wengine wanavyofanya.

Yabaki mambo mawili ya matumizi ambayo wasomaji wetu yafaa wayajue. La kwanza ni la simu. Sheria ya mwaka 2008 haimtaji msemaji peke yake. Yataja pia kuchapisha na kusambaza maandishi, na kusambaza au kuchezesha picha zilizorekodiwa. Anayepokea maneno ya kutisha kabila fulani, kisha akayapeleka kwa kikundi cha kanisa au cha akiba na kuandika tu kwamba ameyapokea hivyo hivyo, asidhani kwamba maneno hayo yatamkinga.

La pili ni la mikutano. Tangu mwaka 1997 mtu anayetaka kufanya mkutano wa hadhara, Ruring'u au sokoni Karatina, haombi tena kibali kama ilivyokuwa siku za mkoloni. Hupeleka taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku tatu wala si zaidi ya siku kumi na nne kabla ya mkutano, akieleza jina lake, mahali na saa. Sababu ambayo sheria imempa mkuu huyo ya kujibu kwamba mkutano hauwezekani ni kuwa mtu mwingine amekwisha kutoa taarifa ya mahali hapo na saa hiyo hiyo. Taarifa zote huandikwa katika daftari kituoni, na raia yeyote aweza kuomba kulisoma daftari hilo saa za kazi.